Kila swali na mlango wake

Kundi letu la WhatsApp la mtaa, hapa Oli mjini Arua, Uganda, lina sharti moja ambalo wageni huliona kali: ukileta lalamiko, sema linaenda mlango wa nani. "Serikali haitujali" hatuipokei. "Mfereji wa nyuma ya stendi ya boda umeziba, nani wa kuuzibua?" Hiyo tunaifuata hadi mwisho.

Tunalisimamia watu wawili, mimi na kijana mmoja fundi simu. Mimi nina kibanda cha mobile money, kwa hiyo karibu kila mtu wa mtaa hupita mbele yangu, na najua nani ana simu kubwa na nani bado ana ile ndogo ya tochi. Hilo nitalirudia.

Sharti lilizaliwa na vurugu za PDM, mpango wa serikali wa kupeleka fedha za maendeleo hadi kwenye kata. Mpango ule ulipozinduliwa mwaka 2022, kila mtu alisikia kuna shilingi milioni 100 kwa kila kata kwa mwaka, na kwamba familia inaweza kukopa hadi milioni moja kupitia SACCO ya kata, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Zaidi ya hapo ulikuwa uvumi mtupu. Usiku kundi linawaka moto: fulani kapewa kwa sababu ya ukoo wake, fulani hajawahi kufuga hata kuku na amepata. Watu wanatukanana kwa Kiswahili, Kinubi na Kilugbara, na asubuhi wanapishana sokoni bila salamu. Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya upole kabisa: "Wanangu, hiyo orodha ya waliopewa iko kwa nani?"

Hakuna aliyekuwa ameiona. Tukaenda watu wachache kuomba ibandikwe ukutani. Tulizungushwa, njoo kesho, njoo Jumatatu, lakini mwishowe ikabandikwa. Kijana akaipiga picha, nami nikaisoma jina kwa jina katika ujumbe wa sauti, kwa sababu wazee wetu wengi hawasomi. Uvumi mwingi ulikufa jioni ile ile. Mwingine ulikuwa kweli, na huo ukapelekwa kwenye mkutano wa mtaa ukiwa na majina na tarehe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wanaodhani kundi ndilo baraza. Kwa sheria yetu ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, baraza la LC1, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, ni wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18. Wote! Muuza samaki, dereva wa boda, mimi, wewe. Wale kumi wa kamati, mwenyekiti na makatibu wake, ni watendaji wetu tu. Lakini tulikaa muda mrefu mno bila kuchagua: mwaka 2018 tulipopanga mstari nyuma ya wagombea, uchaguzi wa LC1 ulikuwa haujafanyika tangu 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 17. Haishangazi kwamba watu walisahau kuwa mkutano wa chini ya mwembe ni haki yao, wakadhani ni hisani ya mwenyekiti.

Na ofisi nazo zilihama. Arua ilipofanywa jiji Julai 2020, divisheni yetu ya River Oli, yaani sehemu ya mji yenye baraza lake, iliunganishwa na ya Arua Hill ikawa divisheni ya Central, na watu waliendelea kwa muda kupeleka shida zao kwa waliokuwa hawana tena mamlaka. Kwa hiyo tuliandika ukurasa mmoja tukauweka juu ya kundi: ugomvi wa mpaka wa kiwanja, LC1 kwa usuluhishi, na ukiwa kesi, mahakama ya LC2 ya kata; taka na mifereji ya mtaa, divisheni, ambayo kwa sheria hubaki na nusu ya mapato inayokusanya na nusu ya pili kuipeleka jiji. Mama wa sokoni akijua hilo, anaelewa kwamba ushuru anaolipa una anwani, na anajua pa kuuliza ulikofika. Diwani wetu sasa huombwa aje na majibu kabla ya kikao cha bajeti cha mwisho wa mwaka, si baada yake.

Kuna woga, na sitaki kuudharau. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 iliwapeleka watu mahakamani kwa maneno ya mtandaoni. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chake cha 25, kile cha mawasiliano ya kuudhi, lakini marekebisho ya 2022 yaliongeza makosa mengine, na mtu anayeuza nyanya hawezi kufuatilia yote hayo. Ndiyo maana kwetu unaruhusiwa kuuliza kazi na fedha ya kiongozi yeyote, wa chama chochote, kwa ukali unaotaka. Mwili wake, kabila lake, mke wake, hapana. Mabango ya vyama pia hapana.

Sasa wale wa simu za tochi. Kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ilipokuja Julai 2018, wengi waliacha mitandao, hasa kina mama, na baadhi hawakurudi hata baada ya kuondolewa. Januari 2021, intaneti ilizimwa siku moja kabla ya uchaguzi ikarudi baada ya siku kadhaa. Mtaa mzima ukawa kama wao. Siku zile ndipo nilipoanza kaunta buku. Kila jambo la kundi huandikwa humo: swali, mlango wake, nani amekwenda, ameambiwa nini. Linakaa kibandani, yeyote anaweza kuomba asomewe, na mkutano wa mtaa huanza kwa kusomwa kurasa mpya. Mzee mmoja ambaye hajawahi kushika simu janja ndiye anayekumbuka kuliko wote ni ahadi gani bado haijatimizwa.

Ninachohitaji sasa ni sauti. Kiswahili kinatuunganisha, lakini kuna bibi zetu wanaoelewa vizuri zaidi wakisikia kwa Kilugbara, na majirani waliotoka Kongo wanaotaka Kilingala. Kama unaishi upande wetu na una dakika kumi jioni, pita kibandani. Mfereji wa stendi ya boda bado umeziba, diwani amesema atakuja Jumamosi, na tangazo linatakiwa kutoka kesho.