Kwa nini mmekuja kwangu na sio kwa jirani?

Jumamosi iliyopita niko zangu ndani nakunja nguo nasikia hodi, kufungua namkuta dada mmoja kitambulisho shingoni kishikwambi mkononi, nikajua tu. Hajamaliza hata ule utangulizi wa "tunafanya utafiti wa hali ya maisha ya kaya na majibu yako ni siri", mdomo ukanitoka wenyewe, kwa nini mmekuja kwangu na sio kwa jirani? Alafu nikaona aibu palepale, maana hilo swali nimeulizwa mimi mpaka basi. Niliwahi kuwa mdadisi, yule anayepita kuhoji kaya, misimu miwili, hizi kazi za mkataba wa miezi michache, na jibu lake naweza kulisema nikiwa usingizini.

Jibu ni kwamba hakuna mtu aliyekuchagua. Watu hawaliamini hili kabisa, wanajua kuna mahali wameandikwa, kuna mtu kawataja, au serikali imesikia wamenunua kiwanja. Hamna. Nchi nzima ilishakatwa vipande vidogo vidogo wakati wa sensa, kila kipande kinaitwa eneo la kuhesabia, kaya kama mia moja na kitu. Kule makao makuu kompyuta inachagua vipande kadhaa kwa bahati nasibu, chenye watu wengi kinakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Vikishatoka ndo timu inakuja kwa miguu kuorodhesha kila kaya iliyomo, mlango kwa mlango, hapo hamna kuhoji, ni kuandika tu nani anaishi wapi. Tuseme mmepata kaya 132 na mnatakiwa kuhoji 22, unagawanya unapata 6, kompyuta inatoa namba ya kuanzia kati ya 1 na 6, ikitoka 4 basi ni kaya ya 4, ya 10, ya 16, ya 22, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa wa 22. Jirani yangu ni wa 23. Imeisha hiyo.

Na hii ya kuhesabu wachache ili ujue wote sio ya zamani kihivyo. Mnorwe mmoja, Anders Kiær, alipoipeleka mbele ya mkutano wa wanatakwimu wa dunia kule Bern mwaka 1895, wakubwa wengi hawakumwelewa, kwao takwimu ilikuwa ni kuhesabu kila mtu, ukihesabu kipande unabahatisha. Leo ule utafiti wa kila mwezi wa ajira wa Marekani unachukua kaya kama 60,000 tu kwa nchi nzima ile, yani kaya moja inabeba nyingine kama elfu mbili mgongoni.

Sasa ukishaelewa kubebana huko ndo unaelewa kwa nini kuorodhesha ndo kazi ngumu kuliko zote na ndo inayofanywa hovyo kuliko zote (kwa maoni yangu, wenzangu wengine watabisha). Kaya sio nyumba. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwahiyo nyumba moja inaweza kuwa na kaya tano na watu wa ukoo mmoja kwenye uwanja mmoja wakawa kaya tatu kwa sababu kila mtu anapika kivyake. Mlinzi anayelala kwenye jengo ambalo halijaisha ni kaya, huyo usipozunguka nyuma humwoni. Kijana aliyepanga kachumba kasikokuwa na dirisha uani ni kaya. Usipomwandika hapo hakuna hesabu itakayomrudisha tena, kashatoka kwenye nchi, na wanaotoka hivyo mara nyingi ni wale wale, maskini na wahamaji.

Alafu kuna sheria moja ambayo msimamizi wetu alikuwa anaisema kila asubuhi mpaka tukawa tunamwigiza: kaya haibadilishwi. Ukikuta kumefungwa hurukii kwa jirani, unarudi. Unarudi tena saa nyingine. Unarudi mara ya tatu. Ukikosa kabisa unaandika umekosa, ila mlango haubadilishi.

Nilikuwa naona ni usumbufu wa makusudi mpaka nilipokutana na mlango mmoja wa bluu. Kila nikienda kufuli. Asubuhi kufuli, mchana kufuli, jioni kufuli, na mlango wa pili yake kuna bibi kakaa kibarazani muda wote, mchangamfu, anajibu hata ambacho hujauliza, kanikaribisha kiti, kaniambia mwanangu si unihoji tu mimi hawa watu wa hapo hawana muda. Mwenzangu niliyekuwa naye akasema muandike bibi tumalize, nani atajua? Na kweli tulikuwa na kaya nne zaidi siku hiyo na jua linazama. Tukabishana pale, mwisho nikarudi peke yangu siku ya pili saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikamkuta jamaa ndo anaingia anafungua kufuli, anafanya kazi usiku, na mkewe anaondoka kabla hajarudi. Akanihurumia nafikiri. Tukaongea kasimama, kegi ya maji mkononi, saa nzima na dakika kumi. Alikuwa amefanya kazi masaa 84 wiki ile, kwenye sehemu mbili.

Bibi wa kibarazani alikuwa hana kazi. Sasa fikiria tungemuandika yeye, na wadadisi wengine huko kwingine wakafanya hivyo hivyo, kila aliyekosekana kwa sababu yuko kazini tunamweka aliyekutwa nyumbani, mwisho wa siku tunatangaza nchi haina kazi kumbe tumehoji wasio na kazi tu!

Wingi hausaidii kitu hapo, hii watu hawaielewi. Kuna gazeti la Marekani, Literary Digest, sio serikali lile ila mfano wake haujachakaa, mwaka 1936 lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu wanampigia nani kura ya urais, wakarudisha zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon anashinda. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa kwenye orodha za simu na za wenye magari, na kipindi kile cha shida mwenye simu na gari alikuwa mtu wa aina yake, alafu wakarudisha waliojisikia kurudisha.

Na kujisikia ndo tatizo la sasa hivi, hasa kwenye nchi tajiri. Uingereza utafiti wao wa nguvu kazi ulishuka mpaka wanaojibu wakawa asilimia 17 hivi mwaka 2023, ikabidi Oktoba ya mwaka huo wasitishe kwa muda kutoa zile takwimu za ajira zinazotokana nao, na benki kuu ndo hizo inazitazama ikipanga riba. Canada ndo walijifanyia wenyewe: serikali ilipoamua mwaka 2010 kwamba dodoso refu la sensa liwe la hiari, mtakwimu mkuu Munir Sheikh akajiuzulu, mwaka uliofuata waliojibu wakawa kama asilimia 69 wakati 2006 walikuwa karibu 94, na maeneo mengi madogo takwimu zake hazikuchapishwa kabisa. 2016 wakarudisha ulazima. Mimi binafsi sipendi mtu kulazimishwa kuongea, lakini ukiona hizo namba unakosa la kusema.

Haya, tuseme mlango umefunguka na mtu kakubali. Sasa kuuliza nako ni balaa lake. "Katika siku 7 zilizopita kaya yako ilitumia sukari kiasi gani?" Jaribu kujibu sasa hivi usiangalie kwenye kopo. Ndo hivyo, na hilo ni swali la kwanza kwenye orodha inayoweza kufika vitu mia. Ukimuuliza mtu ya wiki moja anajumlisha na vya wiki ya kabla yake, ukimuuliza ya mwezi anasahau nusu, ukimpa daftari aandike kila siku anaandika siku tatu za kwanza alafu za mwisho anajaza asubuhi unayokuja kulichukua, wino mmoja, mwandiko mmoja! Kuna watafiti walifanya jaribio Tanzania kati ya 2007 na 2008, kaya 4,000 wakazigawa kwa bahati nasibu kwenye aina nane za kuuliza matumizi, wengine daftari la kila mtu, wengine daftari la kaya, wengine kukumbuka wiki, wengine mwezi, wengine orodha ndefu wengine fupi. Nchi ile ile, mwaka ule ule, na kiwango cha umaskini kikatoka tofauti kabisa kutegemea umeuliza vipi. Tangu nisome hilo nikisikia mwanasiasa anasema umaskini umeshuka, swali langu la kwanza ni dodoso lilibadilishwa au ni lile lile.

La kazi nalo hivyo hivyo. Kwa vipimo vya kimataifa, ukifanya kazi ya malipo au faida hata saa moja ndani ya wiki inayoulizwa, wewe umeajiriwa. Saa moja! Watu wakilijua hilo wanasema ni uongo wa serikali, ila sio siri, limeandikwa kabisa na wataalamu wa shirika la kazi duniani, na sababu yake ina mantiki, wanataka kila kazi ihesabike hata kibarua kidogo. Shida ni pale namba inaposomwa kwenye redio bila hayo maelezo.

Kupika data kupo pia, nisiwadanganye. Msimu wangu wa kwanza tulikuwa bado tunatumia karatasi na kuna jamaa alikuwa anamaliza kaya sita kwa siku wakati sisi tunahangaika na tatu, bosi anamsifia, kumbe anakaa chini ya mti anajijazia. Alikamatwa kwa sababu ya kijinga, watoto wote wa eneo lake walikuwa na miaka 5 au 10. Siku hizi kishikwambi kinarekodi muda ulioanza na uliomaliza na uko wapi kwenye ramani, mahojiano ya saa nzima na nusu ukiyamaliza kwa dakika 12 unapigiwa simu kabla hujafika kaya nyingine. Ila hata watu wakweli nao wanapenda namba za mviringo, ukichora umri wa watu kwenye grafu unaona minara kwenye 40, 45, 50, mpaka wanatakwimu wana vipimo maalumu vya kupima ubaya wa minara hiyo.

Kuhusu siri, nayo niliulizwa sana, wanajua tunapeleka kodi au polisi. Hofu yenyewe haikutoka hewani, Ujerumani Magharibi watu waligoma sensa ya 1983 na mahakama ya katiba ikaisimamisha, ikafanyika 1987 baada ya kurekebishwa. Kazi ikiwa ya haki, jina lako linabaki huko nyuma na watafiti wanapewa namba tu. Zile tafiti za DHS za afya na uzazi zilizofanyika nchi nyingi, nukta ya eneo lako kwenye ramani wanaisogeza makusudi, mjini mpaka kilomita 2, vijijini mpaka 5 na machache sana mpaka 10, mtu asije akaifuata akakufikia.

Basi yote hayo nayajua, si ndiyo. Dada wa watu kakaa, ameanza kuuliza, mkuu wa kaya ni nani? Mimi na mume wangu tukaangaliana, sekunde kama tano hivi, akajibu yeye. Nikanyamaza. Akauliza sukari, nikasema kilo mbili, bila kufikiria, na hatumalizi hata moja kwa wiki, sijui kwa nini nilisema mbili, nafikiri moja ilisikika kama shida. Akauliza wiki iliyopita nililipwa kwa masaa mangapi, nikasema 40, na namba hiyo nimeitoa hewani, sijawahi kuhesabu masaa yangu maishani.

Aliandika tu, uso haukubadilika, kafundishwa vizuri. Ilipofika kwenye umri wa mama mkwe mume wangu akasema 70, na mimi nikaona kile kidole chake kimesita juu ya kioo, akauliza kwa upole, "ni 70 kamili baba, au ni makadirio?" Tukaenda kutafuta kitambulisho cha mama kwenye droo. 67.

Kuondoka akasema kaya yetu iko kwenye kundi la kufuatiliwa, atarudi baada ya miezi mitatu. Ile sukari bado sijamwambia.