Kiasi juu, asili chini

Mwaka 2013 mpango mmoja wa walimu wa kujitolea ulinipeleka Kigoma, nifundishe hisabati mwaka mzima katika sekondari ya kata upande wa Ujiji. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru. Walionipanga waliona kwamba kwa vile najua Kiswahili, sitapata taabu na wanafunzi. Nami niliamini hivyo hivyo.

Kidato cha kwanza walikuwa sabini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Siku ya kuanza somo la sehemu, yaani fractions, niliandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, nikaeleza kwa Kiingereza kama sheria ya shule ilivyotaka. Kila nilipouliza kama wameelewa, waliitika kwa pamoja kwamba wameelewa. Nikakusanya madaftari. Karibu wote walikuwa wameandika 2/5 badala ya 5/6.

Wakati wa mapumziko msichana mmoja alinifuata nilipokuwa nimekaa chini ya mwembe.

"Samahani, madamu. Ile denominata ndiyo asili?"

Sikumwelewa. Kwangu asili ilikuwa mahali mtu alikotoka. Hesabu nimezisoma kwa Kiingereza tangu nikiwa mdogo. Kiswahili changu kilikuwa cha nyumbani, cha sokoni na cha insha. Akaokota kijiti, akachora mstari mchangani. "Kiasi juu, asili chini. Asili zisipolingana, unatafuta KDS." Kigawe kidogo cha shirika! Kumbe ndiyo LCM yangu, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote. Nikamweleza BODMAS, ule utaratibu wa kitendo kipi kitangulie katika hesabu, nikamuuliza wao huuitaje. Akacheka. "Magazijuto, madamu." Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtoto huyu alikuwa amefundishwa sehemu kwa Kiswahili kwa miaka katika shule ya msingi, akazijua, nami niliingia darasani nikidhani namfundisha jambo jipya.

Kesho yake nilimwita ubaoni awaeleze wenzake kwa Kiswahili. Alipofika kwenye KDS darasa zima lilisema "Aaaa!", na nyuma mtu akapiga dawati. Wavulana wa upande wa dirishani, ambao hawakuwahi kunyoosha mkono, walianza kubishana kwa nini ni sita na si kumi na mbili. Nilisimama kando na chaki yangu mkononi, nikisikiliza. Katika mwaka wote ule sikupata kipindi kilichonifurahisha kama kile.

Mwalimu wa taaluma alikuwa akipita barazani. Alisimama kidogo, akaenda zake.

Mchana nilimwona yule msichana nyuma ya vyoo, yuko peke yake na fyekeo, anafyeka nyasi. Adhabu ya kuzungumza Kiswahili darasani.

Nikaenda ofisini moja kwa moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, madamu. Karibu."

Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwita ubaoni, mimi ndiye niliyemtaka aseme Kiswahili, kosa si lake. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu katili, nisimsingizie. Jioni alikuwa akibaki na watoto wa kidato cha nne bila kulipwa chochote. "Madamu," alisema, "mtihani wa kidato cha pili ni Kiingereza. Wa kidato cha nne, Kiingereza. Hakuna atakayewauliza asili. Wewe Novemba unaondoka. Mimi nabaki nao."

Sikuwa na la kumjibu. Kuhusu Novemba alisema kweli, na kuhusu mtihani pia. Lakini mtoto anayejua hesabu alikuwa anafyeka nyasi kwa sababu amezijua kwa lugha yake, na hilo sijalikubali mpaka leo.

Nilimwomba mlinzi fyekeo la pili, nikaenda nyuma ya vyoo. Msichana alishtuka aliponiona. "Hapana, madamu, acha tu." Sikuacha. Tulifyeka kimya, yeye kulia, mimi kushoto, nyasi bado zina maji ya mvua ya asubuhi. Mikono yangu ilianza kutoka malengelenge kabla hatujafika kwenye uzio.

Karibu na mwisho aliinua kichwa.

"Madamu, sehemu guni, ile ambayo kiasi kinazidi asili, kwa Kiingereza inaitwaje?"

Nikamwambia. Akairudia mara tatu kwa sauti ya chini, akapangusa jasho, akakata nyasi mikupuo miwili.

"Na pembetatu pacha?"