Mradi wa mzee rubani: tumefika Musoma

Msimu wa korosho ukishaanza huku Mtwara hakuna mtu anatulia, lakini mradi haujalala. Kifupi kwa asiyejua, namrekodi mzee wetu mmoja wa hapa Shangani kwa simu, alirusha ndege za kivita, MiG-17 za Kichina, enzi za vita ya Kagera, sikio moja limeshakufa kwa makelele ya injini, jina kasema nisiandike na mimi siandiki.

Rekodi za mchana nimeachana nazo, mara feni, mara bodaboda, mara jenereta ya jirani umeme ukikatika. Sasa tunakaa baada ya isha, simu naifunika na leso upepo wa bahari usipige kwenye maiki, sauti inatoka safi kabisa.

Mimi nilienda na maswali ya mapigano kama kijana yeyote. Mzee akanipa hesabu. Ile ndege ina mizinga mitatu, mkubwa wa milimita 37 una risasi 40 tu, ile miwili ya milimita 23 ina 80 kila mmoja, ukikandamiza bila kuachia, sekunde kama sita zimeisha zote. "Nimepelekwa China, nimefundishwa mpaka kula kwa vijiti, yote kwa ajili ya sekunde sita!" Akacheka mpaka akakohoa. Amin kaingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, na ile hotuba ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia wao waliisikia redioni kama raia wengine tu.

Ila kila tukikaa anarudi Musoma. Siku zile za mwanzo ndege zetu tatu zilitunguliwa upande huo na askari wetu wenyewe, walidhani za Amin. Yeye hakuwemo. "Adui nilijua atatokea wapi," anasema, "huyu wa kwetu yuko chini na bunduki yake na hofu yake, ningemwambiaje kwamba mimi ni ndugu yake?" Nikamuuliza bado ana kinyongo nao, akasema ujanani aliwalaumu sana, siku hizi usingizi ukikata anamuwaza zaidi yule aliyefyatua kuliko marubani, maana kama yuko hai basi wana umri mmoja na lile jambo kazeeka nalo, sijui kamwambia nani. Hapo nilizima rekoda. Hakuniomba, niliona tu inatosha.

Upande wa ndege ya kuchonga, ule mfano wa mbao wa MiG-17 wa kuning'iniza, mambo yanaenda. Fundi wetu Mmakonde alitaka mpingo nikamkatalia, ingekuwa nzito haining'iniziki, tumetumia vipande vya mninga. Juu ya kila bawa kaweka vile vikuta vitatu vya kuongoza upepo (ndugu yake MiG-15 anavyo viwili, wajuzi wanaangalia hapo), mzee akavipapasa kimoja kimoja ndio akakubali kunywa chai.

Rangi ndio ugomvi. Fundi alishapanga bendera ndogo mkiani, mzee hataki, anataka kubwa, chini ya tumbo na chini ya mabawa, "wa chini waione." Fundi anasema hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine, tunavutana.