Gitaa la jazi ndani ya nyumba ya mawe

Kijana wa Lamu anayetaka kurekodi albamu yake ya kwanza ya jazi bila kwenda studio Mombasa, chumba anacho tayari. Kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele za mtaani vizuri (punda akiamua kulia, hilo ni jambo jingine). Tatizo ni upana. Vyumba vya zamani vilifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vingi havifiki mita 3. Kwenye upana wa mita 2.7 sauti hujirundika karibu na hertzi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), na tena 127: besi ikipiga B, noti hiyo huvimba na kulimeza gitaa. Mikeka haisaidii hapo, hupunguza ukali wa juu tu. Simamisha magodoro mazito ya sufi kwenye pembe za chumba, yaache nafasi nyuma yake, na spika ya gitaa isigusane na ukuta.

Maikrofoni iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye spika, kando kidogo ya kitovu. Katikati kabisa sauti huchoma. Rekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye kinasa sauti), kilele cha sauti kisizidi desibeli −10, kwani 0 ndiyo mwisho wa kipimo.

Halafu unyevu. Gitaa la mbao hupenda asilimia 45 hadi 55, na hewa ya pwani hupita hapo kwa mbali: mbao huvimba, nyuzi huinuka juu ya shingo, chuma hushika kutu. Lilaze kwenye kasha lenye vifuko vya silika. Nyuzi bapa mpya (zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma) zifungwe siku mbili kabla, la sivyo zitalegea katikati ya wimbo. Ratiba nayo ipishe adhana. Misikiti iko karibu karibu, na sauti ikishaingia kwenye maikrofoni ya besi haitoki.