Gari Linapokataa Kuwaka, Lisikilize Kwanza

Gari linapokataa kuwaka, wengi hukimbilia kununua betri mpya, ilhali sauti inayosikika wakati wa kupiga stata ingetosha kuwaonyesha pa kuanzia. Ikiwa stata inaizungusha injini kwa nguvu yake ya kawaida lakini injini haishiki, usiilaumu betri. Chunguza kama mafuta yanafika, au kama plagi zinatoa moto, yaani cheche za kuyawasha mafuta hayo. Kwa magari mengi ya petroli, ukifungua swichi bila kupiga stata, utasikia pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde chache.

Ikiwa unasikia milio midogo ya mfululizo huku taa za dashibodi zikififia, stata haipati umeme wa kutosha. Gari langu hulala nje, karibu na bahari hapa Dar es Salaam, na siku lilipogoma vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe, ingawa multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilionyesha volti 12.6, yaani betri iliyojaa. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikavisugua vichwa kwa brashi ya chuma, nikavikaza barabara, na gari likawaka. Inaniuma kuona betri nzima zikitupwa kwa sababu ya uchafu huo.

Kipimo kikiwa chini ya volti 12, ichaji betri, kisha pima tena injini ikiunguruma: alternata (kifaa kinachoichaji betri injini ikizunguka) iliyo nzima kwa kawaida hutoa volti 13.5 hadi 14.5, na ikishindwa kufika hapo, hata betri mpya itaisha chaji.