Nilivyoacha kufundisha fasihi ya Kiarabu kwa tarehe

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha fasihi ya Kiarabu chuoni nilifuata silabasi kama ilivyo, unaanza Jahiliya (kabla ya Uislamu), unakuja zama za Umayya, Abbasi, unapita mbio pale katikati mpaka Nahdha (mwamko wa karne ya 19), na ukifika kwa Naguib Mahfouz, mwandishi wa riwaya wa Misri aliyepata Nobel 1988 muhula umebaki wiki moja na watu wanawaza mtihani tu. Wanafunzi walifaulu, tena vizuri, ila walifaulu bila kusoma shairi hata moja. Majina ya washairi, miaka waliyokufa, "sifa za zama", vyote walivikariri toka kwenye noti zangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mwaka uliofuata nikaingia na maneno mawili tu ubaoni: qifa nabki (simameni, tulie). Ndio mwanzo wa muallaqa, shairi refu mashuhuri, ya Imru' al-Qays, mshairi wa Jahiliya. Nikauliza, anayeambiwa asimame ni nani? Kimya. Hawa watu nahau wameisoma, muthanna (umbo la uwili) kwenye mazoezi wanaijua fresh, lakini hakuna aliyeshtuka kwamba amri ile inaelekezwa kwa watu wawili. Mmoja alipoiona basi darasa likawaka, sasa hao wawili ni kina nani? Nikawaambia hata washereheshaji wa zamani walivutana hapohapo, kuna waliosema ni wenzake wa safari kweli na kuna waliosema ni mtu mmoja tu, anaambiwa kwa uwili kutia mkazo. Kipindi kizima kikaishia kwenye neno moja na sijutii.

Kingine ni kugonga meza. Bahari (mizani ya shairi) ya tawili, mdundo wake fa'ulun mafa'ilun, tunagonga wote huku tunasoma kwa sauti (darasa la jirani walituvumilia sana). Kijana mmoja kufika mwisho wa kipande cha kwanza akasoma "manzil", kama anavyoongea, mdundo ukakatika, akasita, akarudi mwenyewe: "manzili". Kasra ile (irabu ya "i" mwishoni) ningeielezea mimi wiki nzima isingemwingia vile.

Tafsiri natumia kwa riwaya, sura moja wanasoma kwa Kiarabu zilizobaki kwa tafsiri. Kwenye shairi nilijaribu ikagoma, maana wanaipata ila mlio haupo.

Wenzangu idarani bado wananung'unika kwamba nimeruka nusu nzima ya Abbasi. Kweli nimeiruka.