Kupe katikati ya vidole

Leo jioni huku Busia mvua imekata kidogo nikamtoa Simba barazani nimchane, maana mimi simuoshi mbwa kila wiki, sabuni nyingi inamaliza mafuta ya ngozi halafu anajikuna usiku kucha.

Kitambaa chenye maji kidogo, brashi, basi. Tumbo, kwapa, nyuma ya masikio.

Sasa nafika mguu wa nyuma, katikati ya vidole... kupe! Amevimba kama punje ya mahindi jamani 😩

Jirani akapaza sauti, "We dada, mmwagie mafuta ya taa!" Nikamwambia hapana mama, nikachukua kibano nikambana karibu kabisa na ngozi nikamvuta polepole bila kumsokota mpaka akatoka mzima na kichwa chake.

Simba hata hakubweka. Alinitazama tu akanilamba mkono, yaani nilitaka kulia mimi.

Paka naye yuko ukutani anajilamba, anatuona washamba 😂 (dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini msimpake paka, inaua)

Nyie wa Kampala na Arua, paka anayekataa brashi mnamfanyaje?